Kompyuta ya Kiganjani na Jogoo wa Nabalayo

Jumatano, 27 Agosti 2008

Leo darasani kumewaka moto. Mwalimu Joyline ametangaza kwamba Jumatatu ya tarehe nane, kwenye sherehe ya elimu ya watu wazima, mwanafunzi mmoja wa darasa letu la gumbaru hapa mtaani Rhonda atasimama mbele ya wageni asome ukurasa mzima. Mmoja! Atamchagua Ijumaa ya wiki ijayo. Darasa lina watu wengi, lakini wa kusoma ni wawili, mimi na Omolo. Wengine huja kwa ajili ya chai.

Omolo alikuwa fundi wa mitambo kiwanda cha blanketi. Mimi nilikuwa reli, mtu wa bendera. Maisha yangu yote nimesoma nyekundu na kijani, na hakuna treni iliyowahi kuniuliza kipindupindu. Maana ukurasa wenyewe ni wa kuchemsha maji ya kunywa, na hilo neno limelala katikati kama gogo barabarani. Nikilikaribia tu, herufi zinaanza kutembea kama siafu. Za daftari hili hazitembei, naziandika kubwa kama ngumi. Omolo ana miwani minene kama kitako cha chupa. Amenishauri nami nivae. Nimemwambia miwani ni ya wazee. Nimemzidi miaka mitatu, ila mimi sionekani mzee.

Nabalayo, mke wangu, ndiye amenisomea kila kitu tangu tuoane. Biblia, kadi ya kliniki, hata kibao cha Mbwa Mkali siku ile nilipokuwa nimeshaingia ndani ya boma la watu. Nataka akae kiti cha mbele, safari hii anisikilize mimi. Hiyo tu. Sijamwambia. Nikimwambia nataka kumfurahisha, atauliza nimeharibu nini.

Alhamisi, 28 Agosti

Nimeenda mjini kununua kufuli kwa duka la Mayur, yule kijana wa vifaa vya stima. Nyanya yake, Mama Bhagwanti, hukaa kando ya sanduku la pesa kama stesheni masta. Leo alikuwa anasoma sala zake kwenye kitu kidogo, ukubwa wa kipande cha sabuni. Herufi zake, haki ya Mungu, kama punje za mahindi! Akigusa na kijiti, zinakua zaidi. Nikauliza hiyo ni redio ya namna gani. Mayur akasema ni kompyuta ya mkononi.

Kompyuta! Mfukoni!

Akili yangu ikapiga honi. Mayur amenitolea tatu juu ya kaunta. Ya kwanza mpya kabisa. Nilipoambiwa bei nikashika kaunta nisianguke. Ya pili ina vibonyezo kama vichwa vya sisimizi, kidole changu kimoja kinabonyeza vinne. Ya tatu imetumika, imetoka Dubai, ina mkwaruzo usoni kama mlevi wa Jumamosi, lakini inakuza herufi. Hiyo ndiyo yangu.

Nimesema mimi ni mwanafunzi, nipewe bei ya mwanafunzi. Mayur akaangalia nywele zangu nyeupe. Mama Bhagwanti akacheka mpaka akakohoa. “Mzee, macho yako iko likizo,” akaniambia. “Miwani inauzwa hapo nje tu. Wachana na kompyuta.”

Nimemsamehe. Ni mzee yule.

Kufuli nimesahau kununua.

Ijumaa, 29 Agosti

Maduka ya nini? Huku Rhonda kuna kijana anayetembeza vitu kwa sanduku. Nimemuuliza kama ana kompyuta ya mkononi. Akasema, “Iko, boss, tena original.” Bei ya kilo moja ya nyama! Ina kioo, ina vibonyezo, inalia. Nikaingia nayo darasani mkono ukiwa mbele kama askofu.

Mwalimu Joyline akaomba aione. Nikabonyeza. Ikaanza kuimba wimbo wa kukata keki. Nikabonyeza tena izime, ikaanza upya. Darasa lote likaimba nayo. Omolo akauliza keki iko wapi. Mwalimu akanieleza kwa upole kwamba hiyo ni mashine ya hesabu ya watoto.

Hata hivyo namshukuru Mungu. Sasa nina hakika ya saba mara nane.

Jumamosi, 30 Agosti

Nabalayo alienda Kabazi kumwona dada yake. Nimeuza jogoo.

Naandika haraka maana najua ni wa Nabalayo. Lakini alikuwa anakula mahindi bure, kazi yake kelele. Pesa yake haifiki bei ya Mayur. Hapo ndipo ujanja unaingia. Hawa Wahindi wa zamani wa hapa mjini wana mila yao, naijua tangu nikiwa kijana wa stesheni. Mteja wa kwanza wa asubuhi hafukuzwi. Akitoka mikono mitupu, duka limeingiwa na baridi siku nzima. Wanaiita boni. Basi nitakuwa mlangoni kabla hawajafungua. Nitataja bei yangu. Watakataaje? Dalmas, wewe ni kichwa!

Nabalayo amerudi jioni. Akaangalia banda la kuku. Akaniangalia. Hakupiga kelele. Amesema tu, “Yeye ndiye alikuwa anatuamsha. Sasa utatuamsha wewe.”

Jumatatu, 1 Septemba

Nimechelewa kuamka. Hakuna jogoo.

Nimekimbia mpaka mjini. Nikakuta Omolo anatoka dukani anatabasamu, mkononi betri moja ya tochi. Moja! Boni yangu yote imeliwa na betri ya tochi. Amejuaje? Nani amemwambia siri yangu?

Nimekumbuka. Ni mimi, jana nje ya kanisa. Nilikuwa namringia.

Jumanne, 2 Septemba

Nimelala na viatu. Nikafika mlangoni kabla mlinzi hajaondoka, akataka kunipiga rungu, nikamwambia mimi ni mteja. Akasema wezi wote ni wateja.

Mama Bhagwanti akafungua, akawasha udi, akaniona nimesimama kama bendera. Nikataja bei. Pesa ya jogoo, senti haiongezeki. Akainama chini ya kaunta, akatoa kibiriti. Akauliza kama nyumbani kipo. Nikasema hakipo. Akasema basi chukua, ni bei ya pipi. Nikalipa. Akapiga makofi. “Haya, boni imeingia! Sasa tuongee bei ya ukweli ya kompyuta.”

Aiii!

Nimekaa juu ya katoni. Akaniuliza mzee kama mimi anataka hii kitu ya nini hasa. Sijui ni moshi wa udi ulioniingia machoni, nikajikuta nimemweleza habari za Nabalayo. Kadi ya kliniki. Mbwa mkali. Kiti cha mbele. Yote.

Akamwambia Mayur maneno kwa lugha yao. Mayur akainua mikono juu kama kipa aliyefungwa, akaileta ile yenye mkwaruzo. Pesa ya jogoo imetosha! Ila msimu ukifika nimpelekee mahindi mabichi ya Kabazi, laini, siyo ya kuvunja meno. Nimeapa. Mungu amzidishie mama huyu.

Mayur amenionya chaji isiishe kabisa. Ikiisha, mashine hii ya zamani inasahau kila kitu ilichoandikiwa, inarudi kuwa mtoto mchanga. Nimemwambia nimelinda treni za mizigo, nitashindwa na sabuni?

Alhamisi, 4 Septemba

Ukurasa haujiingizi wenyewe. Ni kuuandika kwa kijiti, herufi moja moja. Nabalayo anasoma kitabuni, mimi nadonoa kioo kama kuku. Nikikosea anasema rudia. Tumeandika juzi, nikafuta kwa bahati mbaya. Tukaandika jana, nikafuta tena. Leo imekaa. Nabalayo anadhani ni kazi ya shule. Jioni zote tumekaa bega kwa bega, na hajataja jogoo hata mara moja. Karibu nimwambie asante, nikajizuia, asije akashuku.

Nyumbani hatuna stima, kwa hivyo nachaji kwa Jerry kinyozi. Jerry amekataa kuchaji bure. Stima yake ni ya wateja, amesema, kwa hivyo ukitaka kuchaji, nyolewa. Nimenyolewa mara tatu wiki hii. Kichwa changu sasa ni yai. Mama mboga amenipa pole ya msiba.

Ijumaa, 5 Septemba

Nimeshinda! Herufi zangu punje za mahindi, kichwa juu, sauti ya stesheni. Kipindupindu hakikuenea kwenye kioo, kikakatika vipande viwili, nami nikakimeza vipande viwili. Omolo alisoma vizuri, lakini alikohoa. Mwalimu Joyline amenichagua mimi. Omolo akasema sikusoma, nimetazama sinema. Kisha akavua miwani, akaipangusa na shati muda mrefu, bila kuangalia mtu.

Nilisikia kitu kinanichoma kifuani. Njaa, bila shaka.

Jumapili, 7 Septemba

Siku ya furaha. Baada ya ibada nimeonyesha kompyuta kwa watu wote. Mchungaji ameishika kwa mikono miwili. Watoto wa ploti wamepanga foleni. Usiku nimewamulikia majirani njia ya choo, maana kioo kinang'aa kuliko kandili. Nabalayo amesema nizime, kesho ni kesho. Kumbe Mwalimu amemwambia kila kitu na amepewa kiti cha mbele. Nimemjibu Jerry anafungua asubuhi, wasiwasi wa nini?

Imezima yenyewe nikiwa namalizia kusema.

Jumatatu, 8 Septemba

Sitasahau leo.

Asubuhi kwa Jerry. Amenyoa hewa, maana nywele hakuna. Kompyuta ikaamka. Ikaniuliza leo ni tarehe ngapi. Nikatafuta ukurasa. Hakuna. Nikatafuta pote. Hakuna! Mtoto mchanga, kama Mayur alivyosema.

Nikaenda hivyo hivyo. Ukumbi umejaa. Wageni wamevaa tai. Nabalayo kiti cha mbele, kitambaa kipya kichwani. Nikasimama. Nikatoa kompyuta mfukoni, nikaitazama, ikanitazama. Mwalimu Joyline akaona, akanipa kitabu. Nikakifungua. Siafu. Siafu tupu, wanahama.

Nikasema, “Maji.” Kichwani hakuna kitu, ndani yai na nje yai. Mtu mmoja nyuma akakohoa. Nikaona Nabalayo anaanza kufungua mdomo anisomee, kama siku zote. Heri ardhi ingenimeza.

Ndipo Omolo akainuka. Nikajua amekuja kuchukua nafasi yake. Akapanda jukwaani polepole na goti lake bovu, akavua miwani yake, akaiweka puani kwangu. Akanong'ona, “Soma, jamaa. Usituaibishe gumbaru.”

Mungu wangu. Siafu wakasimama! Kila mmoja mahali pake, kama askari waliosikia kipenga. Hata nukta nikaziona. Nikasoma. Nilipofika kwa gogo lenyewe sikupunguza mwendo. Kipindupindu! Mzima, bila kukatika! Watu wakapiga makofi na vigelegele. Nadhani ni mara ya kwanza duniani kipindupindu kushangiliwa. Nabalayo alikuwa amefunga mdomo. Mikono yote miwili ameiweka juu yake.

Omolo alirudi kitini kwa kupapasa ukuta, haoni kitu. Alipiga makofi akiwa ameelekea dirishani.

Zawadi ya msomaji imetoka kwa akina mama wa kanisa. Jogoo. Mwekundu, mzito. Nimempa Nabalayo mbele ya watu wote. Amesema nimeruka koma mbili. Kisha akanishika mkono wa koti mpaka nyumbani, hajaniachilia hata tulipofika mlangoni.

Asante, Mungu. Asante, Omolo, ingawa sitakwambia.

Jumanne, 9 Septemba

Nimemrudishia Omolo miwani yake. Nilimwambia tu kwamba ilikuwa chafu. Akacheka. Akasema twende pamoja kwa yule kijana wa sanduku nichague yangu, ni bei ya kilo ya nyama. Nimekataa katakata. Miwani ni ya wazee.

Nimekaa nikatafakari ni nini hasa kilichonisaidia jana. Jibu liko wazi. Ni kompyuta. Isingekuwa mfukoni, moyo wangu ungepasuka pale pale. Kosa lake ni chaji, basi. Leo nimepita kwa Mayur kumshukuru Mama Bhagwanti. Amefurahi mpaka amenipa chai na biskuti. Na pale kwenye kabati, nyuma ya kioo, nimeiona. Kubwa kuliko yangu. Chaji siku mbili nzima. Kipindupindu kinaenea chote na nafasi inabaki.

Safari hii sinaswi. Nitakuwa mlangoni Jumatatu alfajiri, na kibiriti changu mwenyewe mfukoni, nimwonyeshe kwamba nyumbani kipo. Omolo simwambii. Labda nimwambie kidogo.

Nabalayo anaenda Kabazi Jumamosi kuangalia mahindi ya Mama Bhagwanti kama yamelainika. Analala huko.

Jogoo mpya amewika sasa hivi, hapa dirishani. Sauti kama honi ya treni ya mizigo. Mnene kuliko yule wa kwanza, karibu mara mbili. Nimemwangalia kwa muda mrefu. Kweli Mungu ni mwema.