Pikipiki Yenye Mabawa ya Kanyakine

Wananchi wa Meru na Embu wanaarifiwa kwamba suala la ndege ya Kanyakine limekwisha, na limekwisha vizuri. Hakuna ndege. Haijawahi kuwepo. Mimi, Adrian Kaberia, Naibu Mratibu wa Vyombo vya Mwendo, nililishughulikia suala hilo mwenyewe, na yanayosemwa kunihusu huko sokoni Gakoromone ni umbea tu.

Chombo chenyewe ni cha Ednah Gatwiri, fundi wa pikipiki. Siku za kazi anatengeneza boda za watu. Jumapili, akitoka kanisani, alikuwa akijiundia ndege nyuma ya gereji, raha zake tu, kwa mabomba ya alumini, injini ya pikipiki na turubai la hema la harusi. Kwenye bawa la kushoto bado unasoma KARIBUNI WAGENI.

Alipokuja kuomba ruhusa ya kuirusha, hata mara moja tu, aone shamba la mamake kutoka juu, ofisi ilipata shida. Hatuna mtu wa ndege. Tuna mtu wa pikipiki, ambaye ni mimi. Kamati ndogo ikaketi, ikanywa chai, ikaamua kwamba chenye injini ya pikipiki ni pikipiki.

"Na haya mabawa?" Gatwiri akauliza.

"Ni urembo," nikamjibu. "Hatuna neno na urembo. Lakini magurudumu yakiacha ardhi, chombo kitakatwakatwa kiuzwe vyuma chakavu. Na abiria atakayebebwa hewani atahesabiwa mshirika, afutwe kazi, kama ana kazi."

Kipengele hicho cha abiria nilikitunga mimi. Mkurugenzi alikisifu sana.

Tukamwagiza atii sheria zote za boda: avae kizibao cha reflekta, awe na helmeti mbili, aongeze kiti cha abiria, ambacho hakuwa nacho, na ajiunge na steji, kituo cha boda cha Kanyakine. Mwenyekiti wa steji, Bwana Runji, akampanga kwenye foleni kama wengine. Pale foleni ni foleni. Mteja hachagui, anapanda iliyo mbele, hata awe nani. Basi Gatwiri akawa anabeba akina mama na ndizi zao hadi sokoni, polepole, chini kwa chini, bawa moja likipita juu ya vibanda vya watu. Sheria ilifuatwa kikamilifu.

Shida ni kwamba watu walianza kucheka, na hawakuwa wakimcheka yeye. Mkurugenzi akaita mkutano Embu, saa nne asubuhi, chombo kihukumiwe kukatwa. Mimi ndiye niliyekuwa na ripoti. Nikapitia Kanyakine kupiga picha za ushahidi, na gari la ofisi likafa pale pale mbele ya steji, kama limetumwa.

"Runji, nipe boda ya Embu."

"Ya mbele ni hiyo, mkubwa."

Ya mbele ilikuwa ile.

"Nipe ya pili."

"Ya pili ni ya mteja wa pili."

Nikamwambia hakuna mteja wa pili. Akasema basi tumngoje.

Gatwiri alikuwa ameshanishikia helmeti. "Unaenda kukata ndege yangu," akasema, sauti chini.

"Pikipiki," nikamrekebisha.

"Haya. Una haraka?"

"Saa nne niwe Embu. Fanya uwezavyo."

Nasisitiza kwamba hayo ni maneno ya kawaida ambayo mtu yeyote humwambia mtu wa boda. Yeye akageuza chombo, akaelekea uwanja wa shule.

Kilichofuata siwezi kukithibitisha, kwa kuwa nilifumba macho. Ninachoweza kusema ni kwamba mashimo ya barabara yaliisha ghafla. Niliogopa, sifichi. Nilimshika fundi kiuno nikaomba kwa Kimeru, maana Kiswahili nimezoea kukitumia kazini. Yeye alikuwa akiimba wimbo wa kwaya huku analia. "Ona migomba ya mama," akawa ananiambia. "Ona paa lake lilivyo dogo." Baadaye tulivuka mto Nithi bila kupita darajani.

Nilipofumbua macho tulikuwa tumesimama uwanjani nyuma ya ofisi ya Embu, na Mkurugenzi alikuwa dirishani.

"Kaberia, umekuja na nini?" akaniuliza mkutano ulipoanza.

"Pikipiki, Mheshimiwa."

"Magurudumu yaliacha ardhi?"

Gatwiri alikuwa mlangoni, amekumbatia helmeti kifuani, ananitazama. Nikikubali, ndege inakatwa, na kile kipengele changu kinanirudisha nyumbani kulima.

"Hayakuacha," nikasema. "Hata kidogo. Sijawahi kupanda pikipiki salama kama ile."

Mkurugenzi akaagiza iandikwe hivyo hivyo. Shauri la kukata likafutwa. Gatwiri akaketi kwenye ngazi za nje, akacheka hadi akajifuta macho kwa reflekta.

Kisha Mkurugenzi akanisogelea, akanitoa begani jani la mkaratusi, lile changa la kileleni kabisa, akaliangalia.

"Gari la ofisi limekufa," akasema, "na la kununua lingine hatuna. Kwa kuwa umeithibitisha mwenyewe, safari zako zote za kikazi utaenda nayo. Utaanza Jumatatu."

Nje, Gatwiri alikuwa tayari akinishikia helmeti ya abiria.

"Jumatatu uwahi steji, mkubwa," akasema. "Kuna foleni."