Jinsi Fundi Cherehani Alivyomshonea Kambare Chambo

Sogeeni, enyi mlioketi na mliosimama, na aliye na sufuria jikoni apunguze moto, kwa maana habari inayokuja haisikilizwi kwa sikio moja: ni habari ya fundi cherehani, mama wa makamo, Bingwa wa Pindo, Mshika Mkasi Asiyetetemeka, na siku aliyotoka peke yake kwenda kupambana na kambare.

Chanzo cha vita kilikuwa gauni. Siku kumi na moja kabla, akidhani ni kitambaa cha mabaki, fundi alilikata gauni la buluu la mkamwana wake, mke wa mwanawe, likawa foronya tatu, tena nzuri. Tangu hapo nyumba iligawanyika kama falme mbili. Salamu zilitolewa, lakini kavu, na mkamwana, aliyekuwa na mimba ya miezi saba, alikula chumbani mwake. Mara tatu fundi alijaribu kuomba radhi, na mara tatu akaishia kwenye "lile gauni". Ndipo asubuhi moja akamsikia, kupitia ukuta, akimwambia dada yake kwenye simu, "Kila chakula kinanichefua. Ninachotamani ni kambare tu, tena aliyetoka majini leo, si yule wa sokoni."

Fundi akaweka mkasi chini.

Akakusanya silaha zake: mshipi, ndoano mbili, kopo la minyoo aliyoichimba nyuma ya karo la kufulia, maini ya kuku ndani ya mfuko, na, kwa kuwa muuza ndoano alimwapia kwamba kambare hakatai chambo kilicho hai, ndoo yenye visamaki saba kutoka kwa jirani afugaye samaki uani. Akashika njia kuelekea bwawa la mji, ndoo ikimlowesha sketi, wala hakujali.

Langoni alisimama mlinzi, kijana mrefu mwenye filimbi shingoni, Bawabu wa Maji.

"Mama, hiyo ndoo haipiti," akasema.

Fundi akaitua ndoo, akashika kiuno, akanena: "Mwanangu, nimewavisha maharusi mia mbili na majaji wawili. Nimemshonea suruali mtu aliyekataa kupimwa. Sikutembea mwendo wote huu nije nishindwe na ndoo yangu mwenyewe. Niambie, visamaki hawa wamekosa nini?"

"Hawajakosa kitu. Ila samaki hai wa maji mengine hawaingii hapa. Wanaweza kuleta ugonjwa, au mmoja akachomoka kwenye ndoano, akazaa, akawamaliza wa humu. Na usiwamwage bwawani, hilo ndilo kosa kubwa zaidi. Ukitaka samaki wa chambo, vua humuhumu, wasizidi watano, uwatumie humuhumu, na usitoke nao wakiwa hai. Yote yameandikwa pale kwenye bango."

Fundi akalisoma bango mstari kwa mstari, kama asomavyo vipimo vya mteja mgomvi.

"Kumbe ni kama nguo inayochuja rangi," akasema taratibu. "Huichanganyi na shuka za watu."

"Hapo umenena, mama."

Basi ndoo ikawekwa kivulini, kibandani kwa mlinzi, ingoje kurudishwa kwa jirani, na jeshi la saba likabaki nyuma bila kupigana.

Akatangulia na maini, kwa kuwa kambare huwinda kwa harufu kuliko kwa macho. Maini yakachomoka hewani, yakaenda kwao na ndoano ikaenda kwake. Akatia minyoo, nayo ikaliwa na wezi wadogo wasioonekana, mmoja baada ya mwingine, hata mwizi wa tisa akanaswa: perege wa urefu wa kidole. Fundi akamtazama. Mzaliwa wa humuhumu. Mmoja, wala si sita. Akamwinua juu ili mlinzi amwone kutoka langoni, na mlinzi akaitikia kwa kichwa.

Akamkata vipande ili damu itoke. Na kwa kuwa alikwisha kuonja hiana ya nyama laini, Bingwa wa Pindo akachomoa sindano kwenye ukosi wake, akatunga uzi, akakishona kipande kimoja kwenye ndoano kwa mishono sita na fundo, kazi ambayo hata mteja mgomvi asingeirudisha. Akarusha. Kikashika.

Saa nzima maji yalinyamaza. Kisha mshipi ukaondoka kama umeitwa. Kambare akavuta kuelekea kwenye matete, fundi akavuta kuelekea nyumbani, kandambili moja ikazama topeni, mshipi ukamkata kiganja, naye akapiga goti lakini hakuachia.

"Wewe una sharubu," akamwambia, akihema, "lakini mimi nina mkamwana."

Na kambare, sharubu zake zote, akatoka majini.

Jioni ile bakuli la mchuzi liliwekwa mezani, na mkamwana, aliyeitwa na harufu, akatoka chumbani. Akaketi. Akaonja, akaonja tena. Fundi, kiganja kikiwa kimefungwa kitambaa, akajikaza.

"Lile gauni," akaanza, akaishia palepale pa siku zote.

Mkamwana akakitazama kiganja kile, akavuta kiti cha pili karibu na chake.

"Mama," akasema, "chumvi haijakolea."

Maneno matatu, ya kwanza yasiyo salamu kwa siku kumi na moja. Na iandikwe, basi, panapoandikwa kuanguka kwa ngome na kufunguka kwa malango, kwamba jioni ile Mshika Mkasi Asiyetetemeka aliinuka akaifuata chumvi jikoni, kwa mwendo wa mtawala aingiaye katika mji alioutwaa, mguu mmoja ukiwa bila kandambili.