Mshale Umekwama kwenye H

Jumatatu, 4 Agosti 2025. Lumakanda.
Habari kubwa! Mchungaji ametangaza kwamba atakayeipeleka kwaya kwenye mashindano Kakamega mjini Jumamosi ndiye atakuwa Mwenyekiti wa Usafiri wa kanisa. Mkono wangu ulipaa kabla hajamaliza. Jirani yangu Kipkoech, mwenye pikapu mpya, alikuwa anapiga chafya. Mungu ni mwema!

Tatizo moja dogo. Pikapu yangu ya mwaka 1986 ina mshale wa joto uliokwama kwenye H, yaani moto kupita kiasi. Ukigeuza ufunguo tu, H. Injini baridi kama jiwe la mtoni, H.

Jumanne, 5 Agosti.
Nimepata akili! Fundi wa nini? Nimefungua mwenyewe sensa ya joto, kile kidude kinachopima joto la injini. Maji yakamwagika, kama nusu ndoo. Si kitu. Nikaunga waya mrefu mpaka jikoni, nikaitumbukiza sensa kwenye maji ya obusuma, ugali wa mke wangu, Namalwa. Yanachemka: H. Nikaitia kwenye maji ya mtungi: H. Nikaitia mfukoni: H!

Namalwa akauliza kama obusuma ya leo italiwa na watu au na gari. Tumekula ndizi.

Jumatano, 6 Agosti.
Jael, fundi wa umeme wa magari, amekuja na bodaboda kutoka Matete. Dakika tano! Waya wa sensa ulikuwa umechubuka, unagusa bodi. Akaufunga tepu. Mshale ukashuka kama mtu aliyesamehewa.

Akaniambia, "Baba, sasa huu mshale unasema ukweli. Ukipanda, simama. Na uongeze maji kwa radieta, yamepungua."

Nikasema ndiyo mara tatu. Nilikuwa nawaza kama Mwenyekiti huvaa beji kushoto au kulia.

Ijumaa, 8 Agosti.
Kipkoech amepita, akauliza kama nimeweka maji. Mwone huyo! Nikamjibu nimetumia ndoo tano. Ni kweli. Gari linang'aa.

Jumamosi, 9 Agosti.
Tuling'oa nanga saa kumi na mbili asubuhi, wanakwaya kumi na wanne nyuma wakiimba. Utukufu! Kabla ya Malava, mshale ukaanza kupanda. Nikacheka. Huyu namjua, anadanganyanga! Navalayo, kiongozi wa kwaya, alikuwa kando yangu. Akauliza kama si vizuri tusimame. Nikasimama, nikachomoa waya wa sensa. Mshale ukaanguka chini kabisa. Ushindi!

Kilomita mbili mbele, bonneti ikatoa mvuke kwa mlio wa filimbi. Sauti ya kwanza wote wakaruka chini. Sauti ya tatu wakafuata.

Na nani yuko nyuma yetu? Kipkoech! Eti anapita tu. Akawapakia wote. Mimi nikabaki kuomba maji kwa jerikeni, boma hadi boma.

Jumapili, 10 Agosti.
Kwaya imekuwa ya pili. Kipkoech ni Mwenyekiti. Nilimpigia makofi kwa vidole viwili. Namalwa alisema angalau sasa nitasikiliza gari likiongea.

Jumatatu, 11 Agosti.
Injini inanguruma! Nimekubali kubeba hema na viti mia vya harusi mpaka Matete. Na muujiza: kwenye dashibodi imewaka taa nyekundu ambayo sijawahi kuiona, ina picha ya birika. Namalwa anasema hiyo ni oili imeisha. Nimecheka mpaka machozi. Miaka yote hiyo taa ilikuwa imekufa, leo imejitengeneza yenyewe!

Naondoka sasa hivi, kabla haijazimika.