Haki Sawa ya Kuuawa

Ilitangazwa redioni, ikatangazwa kwa vipaza sauti, ikabandikwa mpaka mlangoni mwa choo cha ofisi: kuanzia sasa hakuna raia atakayebaguliwa katika kuuawa. Kwenye filamu, lakini. Huko kwingine utaratibu ulikuwa bado unaandaliwa.

Habari hiyo ilimkuta Mama Kamera katikati ya kupiga filamu yake ya kwanza, ya muuaji anayewamaliza watu mmoja mmoja. Bila kibali cha Kamati ya Uwakilishi ingeozea kabatini, na jasho la ndugu na majirani aliowabembeleza waigize bure lingekwenda na maji. Akaenda. Kamati haikukutana. Mwenyekiti alikuwa na mafua, na bila Mwenyekiti Kamati haikutani, hata wajumbe wawe wamekaa na chai iko mezani.

Alipopona, Mwenyekiti alimpokea kwa bashasha.

"Mwanangu, muswada wako hatujausoma," alisema kwa fahari. "Sisi hatusomi. Anayesoma huanza kumpenda huyu na kumchukia yule. Sisi tunahesabu tu. Haya, wanaouawa ni akina nani?"

"Fundi cherehani, mzee. Mwokaji mikate. Na mwalimu."

"Na kinyozi?"

"Kinyozi yu hai."

"Kwa nini? Kakosa nini?"

Koridoni vyama vilikuwa vimeshajipanga. Vinyozi walidai maiti yao. Waokaji walilalamika kwamba mwenzao kakata roho upesi mno, ilhali fundi cherehani kapewa nafasi ya kutapatapa na hata kuaga wanawe. Madobi waliomba wafe wawili, kufidia walivyosahauliwa. Mama Kamera akaua kama alivyoelekezwa.

"Shemeji," alinung'unika mume wa dada yake, aliyeigiza muuaji, akijikanda bega, "huu si uuaji tena, ni kibarua."

Ikabaki shida moja: muuaji mwenyewe awe nani? Kwenye muswada alikuwa fundi bomba. Mafundi bomba wakatishia kulifungia maji jengo la Kamati. Akageuzwa dereva, madereva wakapiga honi chini ya dirisha mpaka Katibu akashikwa na kizunguzungu. Kila kundi lilitaka kufa, hakuna lililotaka kuua.

"Na sisi viongozi tuko wapi humu?" Mwenyekiti aliuliza ghafla.

"Hamumo, mzee."

"Hatumo! Kwani sisi si watu?"

"Naweza kuwaua baada ya madobi."

"Kiongozi hafi hovyohovyo, mwanangu. Tutafutie mtu anayeonekana mwanzo hadi mwisho, anayeogopwa na wote, asiyeguswa na yeyote."

Mama Kamera akamsogezea muswada. "Wa namna hiyo yuko mmoja tu, mzee. Lakini ungesoma kwanza..."

"Nisome, nipendelee? Huyohuyo ndiye wetu. Na afanane na kiongozi: upara, koti la kahawia, kijiti cha meno mdomoni."

"Kama wewe?"

"Sikusema mimi," alijibu Mwenyekiti, akihamisha kijiti chake kutoka shavu hili kwenda lile. "Ila akitokea kufanana, hatutamlaumu." Akagonga muhuri.

Shemeji akanyolewa kipara, mauaji yote yakapigwa upya.

Siku ya uzinduzi, katika ukumbi wa jengo la Kamati, Mwenyekiti aliketi mstari wa mbele. Upara ukang'aa kwenye skrini. Kabla ya kuchoma kisu, muuaji aliuliza kwa upole, "Umefuata utaratibu?" Maneno hayo Shemeji alijiongezea mwenyewe. Walioyajua maneno hayo kwa kuyasikia kwenye madirisha ya ofisi walianza kuutazama mlango mapema.

Kufikia dobi wa pili, Mwenyekiti akasimama. "Zima! Zima mashine!"

Mwanga ukamgonga utosini. Koti lilelile. Kijiti kilekile.

"Katoka kwenye skrini!" mtu akapiga yowe.

Watu wakatimua mbio, viatu vikabaki vinawasubiri wenyewe. Mlangoni, mlinzi akamdaka Mwenyekiti ukosi.

"Niachie! Mimi ni Mwenyekiti! Umefuata utaratibu?"

"Hata humo ndani ulisema hivyohivyo."

"Wewe mama! Mwambie mimi si muuaji!"

Mama Kamera alikuwa anatafuta kiatu chake cha kushoto. "Mzee, mimi nikisema nitakuwa nimependelea. Nani afanane na nani, hilo ni la Kamati."

Mlinzi akaona hiyo ni busara. Akamkalisha Mwenyekiti kwenye benchi la koridoni, akamfunga mkono kwenye mguu wa benchi, akaagiza Kamati iitwe.

Wajumbe walikuja upesi isivyo kawaida. Wakaingia chumbani, wakakaa, chai ikaletwa. Katibu akachungulia koridoni, akamwona mlinzi na muuaji wake, akarudi ndani haraka akafunga mlango. Akahesabu watu mezani, akatikisa kichwa kwa masikitiko.

Mwenyekiti hayupo. Kikao kikaahirishwa.