Ufa Kwenye Mpeasi

Jumatatu, 23 Februari

Ufa! Nimeuona asubuhi nikiokota gazeti. Mpeasi wetu wa mapambo umegawanyika panda mbili nene kuliko mapaja yangu, na katikati yake pamepasuka. Kidole kinaingia. Nimekichomoa upesi. Panda moja imeegemea chumba cha mama mkwe wangu, Mama Opal.

Miaka mitatu iliyopita jirani Stubblefield alinishauri nichague shina moja la kati, mengine niyapogoe kidogo kidogo, tena wakati wa baridi mti ukiwa umelala. Nikamjibu mti ni wangu. Nikaufyeka kichwa chote. Ukaota machipukizi kama nywele za mtu aliyeona mzimu, na sasa ni matawi mazito kweli kweli. Stubblefield asijue!

Jumanne, 24 Februari

Nimepaka ufa rangi ya kahawia. Hauonekani kabisa. Kisha redio ikatangaza tufani Ijumaa mchana, kuanzia Memphis hadi kwetu. Chakula cha jioni nikakiacha mezani. Mke wangu Maylene aliuliza nina nini. Nikasingizia jino.

Jumatano, 25 Februari

Mpango: kumhamisha Mama Opal bila kutaja sababu. Nikamnong'oneza kwamba chumbani mwake nimeona panya mkubwa kama paka. Nilitarajia atimke. Akaomba ufagio! Akasema yeye amezaliwa shambani, nyoka ameua kwa kikaango, na hatoki humo mpaka panya afe. Sasa hata chakula anapelekewa. Mungu wangu, nimemfungia chini ya mti!

Alhamisi, 26 Februari

Nimepanda mwenyewe na msumeno. Nikakata tawi moja, lile nililolifikia. Kumbe ni la upande wa barabarani! Uzito wote umebaki upande wa nyumba. Ngazi ikateleza, ikaanguka. Nikabaki nimekumbatia mti, macho nimefumba, ufa ukilia chini yangu: krii, krii. Nilimwahidi Mungu mambo mengi. Mengine siyakumbuki.

Stubblefield akaleta ngazi yake. Hakucheka. Hilo ndilo lililonitisha. Akakwangua rangi kwa ukucha.

"Harlan, huu si wa kupogolewa tena. Mtoe bibi mle ndani, leo hii."

Nikamwambia nilikuwa nakagua viota vya ndege. Mama Opal nitamwambia kesho, akishakunywa kahawa.

Ijumaa, 27 Februari

Naandikia jikoni kwa Stubblefield.

Kahawa alikunywa. Badala ya kumwambia, nikamwongezea kikombe cha pili. Saa nane mchana upepo ukaja. Nikakimbilia chumbani, nikamsihi atoke. Akaniamuru ninyamaze, nitamshtua panya. Nikapiga magoti.

"Mama, hakuna panya! Nilikudanganya. Mti una ufa, utakuangukia!"

Akanitazama. "Umejua tangu lini?"

"Jumatatu."

Akainuka taratibu. Akaanza kutafuta kiatu cha kushoto. Cha kushoto! Nikambeba mgongoni. Nakimbia, ananitandika na ufagio. Hatujafika mlango wa mbele, ukasikika mlio kama wa bunduki. Panda ikashuka. Paa likashuka. Kitanda chake kikawa kuni.

Mama Opal alikitazama kitanda kile. Kisha akanishika mkono, asiuachie. Kiganja chake kilikuwa baridi kama maji ya kisima. Nilitaka kulia, nikalia.

Baadaye akamsimulia Maylene kila kitu. Kila kitu!

Jumapili, 1 Machi

Maylene haongei nami. Turubai linapigapiga juu ya paa, na kila likipiga naruka.

Lakini kanisani! Watu walipanga foleni kunipa mkono. Shujaa kambeba mama mkwe! Mama Opal akakohoa. Ndipo Bi Eudora Hatchett, mjane wa mtaa wa juu, akanivuta pembeni. Ana mipeasi mitatu mbele ya nyumba, yote ina panda, na tangu Ijumaa hapati usingizi. Je, namjua mtu anayejua kupogoa?

Nikageuka. Stubblefield alikuwa bado anahangaika na vifungo vya koti lake.

Nikamwambia Bi Eudora asisumbuke kutafuta, fundi mwenyewe ndiye anayeongea naye. Jumamosi asubuhi naanza.