Jotoardhi ya Mirihi Nyuma ya Zizi

Jumatatu, 7 Julai 2025. Musoma.
Mke wangu Robi amerudi kwao Butiama. Kaondoka na mtoto na sufuria kubwa. Kasema nimfuate nikiwa na kazi inayoonekana. Ninayo! Mirihi jua ni hafifu, vumbi linafunika sola. Watu wakihamia huko watahitaji jotoardhi: unachimba, mvuke unapanda, unazungusha mtambo, taa zinawaka. Michoro tayari. Nakosa shimo la majaribio tu.

Jumatano, 9 Julai. Butiama.
Baba mkwe, Mzee Wanzagi, alinisikiliza hadi mwisho. Akauliza kama Mirihi kuna maji ya kunyweshea ng'ombe. Nikakiri hakuna. Akawapa pole watakaohamia, akaniruhusu nichimbe nyuma ya zizi. Shemeji Hezron akasema taa ya chumbani kwangu ilikuwaga haiwaki, sasa naenda kuwawashia watu angani. Robi hakucheka. Aliniwekea mgongo wa sato. Dalili njema.

Ijumaa, 11 Julai.
Shimo limenifika kifuani. Udongo mweusi, unafuka. Moto! Nilifukia yai, likaiva nusu. Hezron akalalamikia harufu. Nikamweleza ni salfa.
Jioni Robi alikaa nami ukingoni. Akasema ameikumbuka nyumba yetu, nami nimekonda. Nifukie shimo, Jumapili baada ya misa turudi wote Musoma. Nilitamani kulia. Nikamwomba kesho moja tu, nifikie mvuke wenyewe.

Jumamosi, 12 Julai.
Msiba! Wote isipokuwa mama mkwe walikwenda mnadani. Nilifuata kamba kisimani. Niliporudi, mama mkwe ametumbukia shimoni na karai lake. Kwa mila zetu mama mkwe haguswi wala hatazamwi. Nikageuka kwa heshima, nikamrushia kamba kinyumenyume. Ikaangukia migomba. Akauliza kama nitamwonyesha mgongo mpaka Mirihi. Akasema hapo ndipo anapomwaga samadi tangu masika, ndiyo inayofuka, kila mtu anajua. Alikaa humo hadi Robi alipomtoa.

Jumapili, 13 Julai.
Mama mkwe mzima, ila hataki kuniona. Robi amenisindikiza hadi barabarani. Hakuwa na mzigo wake wowote. Mtoto akanipungia mkono. Sikuweza kugeuka mara ya pili.

Jumatatu, 14 Julai. Bunda.
Sijalala. Nimetafakari kosa langu kwa utulivu na nimelipata. Mirihi haina samadi! Kila mhamiaji aende na ng'ombe. Nimerekebisha michoro. Hapa Nyasura rafiki yangu Keraryo ana zizi kubwa, na ameniruhusu. Mama yake anaishi Bukima, mbali kabisa. Nikifika kifuani nitampigia Robi.