Leo Kasri Limefungwa

Asubuhi ile Prawet alikuwa amekwisha kuwafungia watalii wengi Kasri la Bangkok, ingawa lango lake lilikuwa wazi na walinzi wamesimama pale wakitokwa jasho. Ndiyo kazi yake. Husimama kwenye kivuli cha ukuta mweupe, shati limenyooka, na kila mgeni anayepita humwambia kwa huzuni kubwa: "Leo kumefungwa, ndugu yangu. Watawa wanasali." Kisha, kwa wema wake tu, humpeleka mgeni kwenye duka la vito vya kioo, ambako mwenye duka humjazia Prawet petroli kwa kila mjinga anayefikishwa. Moyo wa huruma kama huo ni nadra sana mijini.

Bajaji yake ya bluu aliachiwa na marehemu baba yake. Ilikuwa mali pekee ambayo hakuipata kwa uongo, na aliipenda kuliko alivyowahi kumpenda mkewe. Mkewe alimwambia hivyo siku alipofungasha virago.

Ndipo akatokea bibi mmoja wa shamba, kofia ya ukindu kichwani, kikapu mkononi, akiamkia kila sanamu, hata lile la tembo lililokuwa likitangaza barafu. Prawet angemwacha apite. Lakini shingoni mwa bibi, kwenye uzi mweusi, ilining'inia hirizi: Buddha mdogo wa udongo, mweusi kwa uzee.

Mate yakamjaa kinywani. Huyu mtu alidanganya kuhusu kila kitu chini ya jua, ila hirizi aliziamini kama mtoto mdogo. Kwa hirizi kongwe namna ile, wapo matajiri ambao wangetoa nyumba pamoja na mbwa wake.

"Shikamoo, bibi," alisema, viganja vimekutana kifuani. "Pole sana, leo Kasri limefungwa."

"Marahaba. Mbona watu wanaingia?"

"Wale wafagizi."

Bibi aliwatazama wafagizi. Mmoja alikuwa amevaa kaptula, ana kamera tumboni na pua imebabuka kwa jua. "Wafagizi wa mjini mnawalisha vizuri," alisema.

"Panda, nikutembeze mji mzima. Bure."

"Bure? Kwa nini?"

"Umefanana na mama yangu mzazi."

"Maskini. Naye alikuwa na sura hii?"

Jina lake lilikuwa Bi Lamyai, na alikuwa na njaa. Prawet alimnunulia wali wa kunata na embe, akamnunulia tena. Alimlipia mashua ya mferejini. Kwenye hekalu la Buddha aliyelala, bibi alipiga miayo, akasema anamwonea wivu. Bustanini alimtupia kenge kuku wa kuchoma ambaye Prawet alikuwa hajamwonja, kisha akamwamkia kenge yule kwa heshima zote, kwa kuwa alimkumbusha shemeji yake.

"Hiyo hirizi, bibi," Prawet aliuliza huku akifuta mafuta ya kuku kwenye kiti cha bajaji ya baba yake, "inasaidia nini?"

"Ukiivaa, chuma hakikugusi. Marehemu mume wangu alipigwa panga na jirani, panga likapinda."

"Na alikufa kwa nini?"

"Mwiba wa samaki. Si chuma." Bibi akaguna. "Mimi nimezeeka. Hirizi hii haiuzwi, nataka nimwachie mtu mwema. Hapa mjini unamjua mtu mwema?"

Prawet aliinamisha kichwa kwa unyenyekevu, asije akajitaja mwenyewe.

Alasiri walisimama kwenye hekalu dogo kando ya mto. Bi Lamyai alimvisha hirizi na kumkabidhi mshumaa, ubani na ua la yungiyungi. Azunguke mnara wa hekalu mara tatu, miguu mitupu, kama kila mtu azungukavyo. Ila kwa hirizi hii, asiwe na chuma mwilini, wala asigeuke nyuma, la sivyo nguvu zote zinatoka.

Prawet alitumbukiza kikapuni ufunguo, simu, na mkanda wenye kishikizo cha chuma.

"Na hilo jino?"

"La dhahabu, bibi."

"Hilo nenda nalo."

Akaanza kuzunguka, mikono imeshika mshumaa, magoti yameshika suruali. Katika mzunguko wa pili alisikia injini ikikohoa mara mbili kabla ya kuwaka. Injini moja tu mjini mzima ilikohoa vile. Shingo ilimwasha ageuke. Lakini akigeuka, nguvu zinatoka! Akaendelea kutembea, machozi yakimdondokea kwenye yungiyungi, na mlio wa bajaji ya baba yake ukapotelea darajani. Alimaliza mizunguko yote, kwa adabu.

Ndala zake pia hazikuwepo.

Muuza hirizi wa ng'ambo ya barabara aliitazama hirizi kwa lenzi, akainusa, mwishowe akailamba. "Masizi juu, biskuti ya nazi ndani," alisema. "Kama hujala, bado ni nzuri."

Prawet alikuwa hajala. Polisi hakwenda, maana wangetaka kwanza kujua yeye anafanya kazi gani.

Kesho yake alifika Kasri kwa miguu, ameshika suruali. Kwenye kivuli chake, kando ya ukuta mweupe, ilikuwepo bajaji ya bluu. Bi Lamyai aliketi kwenye usukani, akiwaambia wageni wawili kwa huzuni kubwa kwamba leo kumefungwa, watawa wanasali.

"Bibi! Nionee huruma, hiyo ni ya baba yangu!"

Alirusha mkono kudaka bomba la nyuma. Injini ikakohoa mara mbili, bajaji ikaruka mbele, na vidole vyake vikakamata moshi.

"Unaona, mjukuu wangu?" Bi Lamyai alimpigia kelele, uso umejaa furaha ya kweli. "Chuma hakikugusi!"